Singapore na Kuala Lumpur: Masafa Mafupi, Safari Ndefu

Tarehe 28 Juni 1937 ndege ndogo aina ya de Havilland Dragon Rapide iliruka kutoka uwanja wa Kallang, Singapore, ikashika njia ya kaskazini-magharibi hadi Kuala Lumpur, kisha ikaendelea hadi Penang. Ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, yenye injini mbili za pangaboi na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yakishikiliwa na nguzo nyembamba na waya. Haikubeba zaidi ya abiria wanane. Wenye ndege walikuwa ndugu wawili kutoka Australia, Charles na Theodore Wearne, ambao wakazi wa Singapore waliwafahamu kwa biashara ya magari tangu 1906. Hivyo ndivyo ilivyoanza huduma ya abiria, kwa ratiba ya kudumu, kwenye njia ambayo miaka themanini baadaye ingekuwa na msongamano mkubwa wa ndege kuliko njia nyingine yoyote ya kimataifa duniani.

Kallang wenyewe ulikuwa na siku 16 tu tangu Gavana Shenton Thomas aufungue. Inafaa kuutazama kwa karibu, kwa kuwa haukufanana na viwanja tunavyovijua leo. Ulijengwa juu ya kinamasi cha mikoko kilichofukiwa kando ya maji, na haukuwa na barabara ya kurukia ndege. Uwanja mzima ulikuwa duara kubwa la nyasi, na rubani aliweza kushuka kutoka upande wowote, alimradi upepo umkabili. Pembeni palikuwa na mteremko ulioingia majini kwa ajili ya ndege zinazotua baharini, ambazo siku hizo ndizo zilizokuwa fahari ya safari za mbali. Jengo la abiria, lenye mnara wa kioo katikati, bado limesimama. Lakini jambo kubwa kuliko yote lilikuwa mahali pake. Kallang ulikuwa kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Karani wa kampuni ya mpira au ya bati alifunga ofisi yake karibu na Mto Singapore, akaingia garini, na baada ya dakika chache alikuwa mbele ya ndege. Huko alikokwenda, uwanja wa Sungai Besi nao ulikuwa jirani na mji wa Kuala Lumpur, upande wa kusini.

Kati ya viwanja hivyo viwili, ukipima kwa mstari ulionyooka, kuna kilomita 310 na kidogo. Dragon Rapide ilikwenda kama kilomita 210 kwa saa, kwa hiyo safari ilichukua takriban saa moja na nusu. Jeti ya leo hukaa angani kwenye njia hiyo dakika 40 hadi 50. Hii ina maana kwamba tangu ndugu Wearne waanze, injini zote zilizobuniwa, rada, kompyuta na mabilioni yaliyomwagwa kwenye viwanja vimemwokolea abiria chini ya saa moja angani. Na nikiitazama historia ya njia hii hatua kwa hatua, naona saa hiyo nayo ilirudishwa yote ardhini, na nyingine zikaongezwa juu yake. Waliozirudisha hawakuwa mafundi wa ndege. Zilirudishwa na mipaka, na wapimaji ardhi, na makubaliano ya serikali mbili.

Ili kuelewa ndege ile ya 1937 ilibadilisha nini, ni lazima turudi nyuma kidogo. Kuala Lumpur ilianza mwaka 1857 kama kambi ya wachimba bati mahali Mto Gombak unapoingia Mto Klang. Mtu aliyetoka Singapore alipanda meli ya moshi, akapita Mlango-Bahari wa Melaka hadi Klang, kisha akapanda mto. Reli ya kutoka Kuala Lumpur kuelekea upande wa pwani ilifunguliwa 1886, na bandari mpya ya Port Swettenham, Port Klang ya leo, mwaka 1901. Mwaka 1909 reli ya bara ilifika Johor Bahru, ng'ambo ya kisiwa cha Singapore, lakini hapo maji yalikata njia na abiria ilibidi wavushwe kwa kivuko. Mwanya huo uliobaki ulizibwa na tuta la mawe lenye urefu wa mita 1,056, ambalo treni za mizigo zilianza kulipita 1923 na likazinduliwa rasmi mwezi Juni 1924. Kuanzia hapo msafiri alipanda treni jioni Singapore, akalala, akaamkia Kuala Lumpur.

Ndege ya ndugu Wearne iliugeuza usiku huo mzima kuwa saa moja na nusu. Hiyo ndiyo hatua moja kubwa katika historia yote ya njia hii, na ilipigwa na ndege ya mbao.

Haikudumu. Wajapani walivamia Desemba 1941, na ndege za Wearne zikaingizwa kwenye kikosi cha anga cha watu wa kujitolea. Tarehe 31 Januari 1942 Waingereza waliokuwa wakirudi nyuma walilipua sehemu ya tuta la Johor, na tarehe 15 Februari Singapore ikasalimu amri. Moja ya mambo ya mwanzo watawala wapya waliyoyafanya ilikuwa kusogeza saa za ukutani zifuate saa za Tokyo.

Vita vilipokwisha, kampuni nyingine iliichukua njia. Malayan Airways ilikuwa imesajiliwa tangu 1937 na wenye meli wa Liverpool na Singapore wakishirikiana na Imperial Airways, lakini ilikaa miaka kumi bila kurusha ndege. Tarehe 2 Aprili 1947 hatimaye iliruka, safari ya kukodiwa kutoka Singapore kwenda Kuala Lumpur kwa ndege aina ya Airspeed Consul, yenye viti vya abiria watano. Tarehe 1 Mei ikaanza safari za ratiba: Singapore, Kuala Lumpur, Ipoh, Penang, ile ile njia ya Wearne ikiwa na kituo kimoja zaidi. Baadaye zikaja DC-3, na katika miaka ya 1960 Fokker F27. Kila moja ilikata dakika chache.

Hadi wakati huo safari hii ilikuwa ya ndani. Utawala ulikuwa wa Mwingereza mmoja pande zote mbili, na hata baada ya Shirikisho la Malaya kupata uhuru 1957 watu waliendelea kwenda na kurudi kama wanaokwenda mtaa wa pili. Mwaka 1963 Singapore iliingia ndani ya Malaysia, na shirika likabadili jina kuwa Malaysian Airways. Tarehe 9 Agosti 1965 Singapore ikatolewa, ikawa nchi. Shirika la ndege halikujua lishike upande gani, na kwa miaka michache serikali zote mbili zililishika kwa pamoja kwa jina la Malaysia-Singapore Airlines. Mwaka 1967 ukaguzi wa pasipoti ulianza kwenye tuta la Johor. Masafa hayakuongezeka hata kwa mita moja, lakini sasa abiria alihesabiwa kuwa anatoka nchi moja na kuingia nyingine, na kila kitu kinachoambatana na jambo hilo, yaani foleni, fomu, mihuri, forodha, kilianza kula muda wake.

Ushirika wa ndege haukuweza kudumu kwa sababu washirika walitaka vitu viwili tofauti. Malaysia ilikuwa na Sabah na Sarawak ng'ambo ya bahari, na vimiji vingi visivyofikika kwa urahisi, kwa hiyo ilitaka ndege za ndani. Singapore haikuwa na nchi ya ndani ya kurukia. Kwake, ndege ilikuwa ni ya kwenda London na Sydney, au haina maana. Mwezi Januari 1971 ilitangazwa kwamba watatengana, na tarehe 1 Oktoba 1972 yakazaliwa mashirika mawili, Singapore Airlines na Malaysian Airline System. La kwanza lilibaki na jeti za Boeing 707 na 737 pamoja na njia za kimataifa, la pili na njia za ndani na ndege za Fokker. Singapore ilikuwa imetaka kuzitumia tena herufi MSA, kwa jina la Mercury Singapore Airlines, kwa kuwa zilikuwa zimeshajulikana duniani, lakini Malaysia ikapinga. Njia ya Kuala Lumpur ikabaki mikononi mwa mashirika hayo mawili kwa miaka zaidi ya 35, nusu kwa nusu, na nauli ikapangwa kama wanavyotaka wenyewe.

Wakati huo huo viwanja vilikuwa vinahama. Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo watu husimulia kama maendeleo matupu, na sikubaliani nao. Jeti inahitaji barabara ndefu, na barabara ndefu haipatikani katikati ya mji, hilo halina ubishi. Singapore iliuacha Kallang mwaka 1955 ikaenda Paya Lebar, halafu mwaka 1981 ikahamia Changi, ncha ya mashariki kabisa ya kisiwa, juu ya ardhi iliyofukiwa kutoka baharini, takriban kilomita 20 kutoka mjini. Kuala Lumpur ilihama Sungai Besi tarehe 30 Agosti 1965 ikaenda Subang, uwanja wenye barabara ya mita 3,780. Halafu tarehe 27 Juni 1998 ikafungua uwanja mpya, KLIA, huko Sepang, katikati ya mashamba ya michikichi. Siku za mwanzo kompyuta ziligoma na mizigo ikarundikana, lakini hilo lilipita. Kisichopita ni mahali. Treni ya haraka iliyoanza 2002 hutembea kilomita 57 kutoka stesheni kuu ya mjini hadi uwanjani, kwa dakika 28.

Tazama ramani uone ajabu yake. Sepang iko kusini ya Kuala Lumpur, yaani upande wa Singapore. Abiria anayekwenda Singapore husafirishwa kwanza ardhini, karibu moja ya sita ya safari yake yote, ndipo apande ndege. Kutoka KLIA hadi Changi kwa mstari ulionyooka ni kilomita 296 hivi, pungufu kuliko zile 310 za Kallang na Sungai Besi. Kwa hiyo wanaochapisha umbali wa ndege wataonyesha kwamba miji hii imesogeleana. Muulize mwenye begi mkononi.

Mwenye begi huyo anahesabu hivi. Nusu saa ya treni, na kabla yake teksi ya kufika stesheni. Saa mbili kabla ya ndege kuruka, kwa sababu safari ni ya kimataifa. Ratiba inasema saa moja na dakika kumi au ishirini, maana mashirika huhesabu tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapofika lango jingine, na viwanja hivi ni vikubwa kiasi kwamba ndege hutambaa muda mrefu ardhini. Angani, ndege haimalizi kupaa vizuri kabla ya kuanza kushuka. Wahudumu husukuma toroli kwa haraka, maji na karanga, wakirudi kukusanya vikombe huku Johor ikipita chini. Kisha uhamiaji, mizigo, treni ya mji. Jumla ni saa nne, mara nyingi tano. Basi la barabarani, likipata mpaka usio na foleni, huchukua tano au sita, na linamshusha mtu katikati ya mji.

Anga hii fupi imebeba pia msiba. Tarehe 4 Desemba 1977 Boeing 737 ya Malaysian Airline System ilikuwa ikitoka Penang, na ilikuwa imekaribia kutua Subang, rubani alipotoa taarifa kwamba kuna mtekaji ndani. Ndege haikutua. Ilipaa tena ikaelekea Singapore, kwa njia hiyo hiyo ya kila siku, na ikaanguka Tanjung Kupang, Johor, karibu kabisa na mlango-bahari. Watu wote 100 walikufa, akiwemo Waziri wa Kilimo wa Malaysia, Ali Haji Ahmad. Mtekaji hakuwahi kutambuliwa kwa uhakika.

Kuna jambo moja ambalo nchi hizi mbili zililifanya kwa ajili ya msafiri bila kuvutana, nalo ni saa. Kwa miaka mingi rasi ya Malay na Singapore zilikwenda saa saba na nusu mbele ya Greenwich, wakati Sabah na Sarawak zilikuwa saa nane. Mwishoni mwa 1981 serikali ya Mahathir Mohamad iliamua kuiunganisha Malaysia katika saa moja. Singapore haikuhusika na Sabah wala Sarawak, lakini ilijua nini kingetokea endapo ndege ya dakika arobaini ingetua nusu saa kabla au baada ya hesabu, na simu za ofisi zipishane kila asubuhi. Ikafuata. Saa 5:30 usiku wa tarehe 31 Desemba, watu wa pande zote mbili walisogeza mishale hadi saa 6:00, na mwaka 1982 ukaanza. Nusu saa hiyo haikurudishwa hadi leo, ndiyo maana jua la Singapore huchomoza kwa kuchelewa, karibu saa moja asubuhi.

Mlango wa biashara ulifunguliwa tarehe 1 Februari 2008. Siku hiyo mashirika ya nauli nafuu, AirAsia kwa upande wa Malaysia na Tiger Airways kwa upande wa Singapore, yaliruhusiwa kuruka njia hii, kwanza kwa safari chache, na Desemba mwaka huo bila kikomo. AirAsia ilikuwa imenunuliwa na Tony Fernandes mwaka 2001 kwa ringgit moja, pamoja na madeni yake. Nauli ilishuka, na ndege zikawa kama mabasi. Katika miezi kumi na miwili iliyoishia Februari 2018 zilihesabiwa safari zaidi ya 30,000 kati ya Singapore na Kuala Lumpur, wastani wa 84 kwa siku, nyingi kuliko njia nyingine yoyote ya kimataifa duniani.

Kabla ya hapo lilikuwa limekuja wazo la treni. Mwezi Februari 2013 mawaziri wakuu Najib Razak wa Malaysia na Lee Hsien Loong wa Singapore walitangaza reli ya mwendo kasi ya kilomita 350, mji hadi mji kwa dakika 90. Mkataba ulitiwa saini Desemba 2016. Stesheni ya Singapore ilipangiwa Jurong East, na uwanja wa gofu ukachukuliwa kuipisha. Ile ya Kuala Lumpur ilipangiwa Bandar Malaysia, mji mpya uliokusudiwa kujengwa, na hili ndilo linaloniuma, juu ya uwanja wa zamani wa Sungai Besi. Abiria angerudi kuondokea pale pale alipokuwa akishukia mwaka 1937, na kwa muda ule ule wa saa moja na nusu. Serikali ilibadilika Malaysia mwaka 2018, madeni yakahesabiwa upya, mradi ukaahirishwa, na tarehe 31 Desemba 2020 mkataba ukafa. Malaysia ililipa Singapore fidia ya dola za Singapore milioni 102.8. Reli ya zamani nayo ilikuwa imekwisha kukatwa: stesheni ya Tanjong Pagar, katikati ya Singapore, ilifungwa 30 Juni 2011, na treni ya mwisho iliendeshwa na Sultani wa Johor mwenyewe.

Mwaka 2018 ulikuwa na mzozo mwingine. Singapore ilitaka kuhamishia ndege za pangaboi kwenye uwanja wake mdogo wa Seletar, kaskazini ya kisiwa, ili Changi ipumue. Shirika pekee lililohusika lilikuwa Firefly la Malaysia, lenye ndege zake za ATR 72 kutoka Subang. Jengo jipya la abiria lilikamilika Novemba. Lakini Singapore ilitangaza mfumo wa redio wa kuongozea ndege kushuka, na mstari wa mfumo huo ulipita juu ya Pasir Gudang, mji wa viwanda na bandari ndani ya Johor. Malaysia ikasema majengo na winchi za bandari yake zitawekewa kikomo cha urefu kwa ajili ya uwanja wa jirani. Firefly ikasimamisha safari zake za Singapore, jengo jipya likakaa bila abiria wa ratiba, na baadaye Malaysia ikaizuia anga ya Pasir Gudang. Mwezi Aprili 2019 wakaelewana: mfumo uondolewe, zuio liondolewe, marubani waongozwe kwa setilaiti. Ndege ya kwanza ilitua Seletar tarehe 22 Aprili, baada ya miezi karibu mitano ya kubishania kipande cha anga ambacho ATR hukipita kwa dakika chache tu.

Korona ilifunga kila kitu Machi 2020. Njia ilifunguliwa tena tarehe 29 Novemba 2021 kwa abiria waliochanjwa, na hatua kwa hatua ndege zikarudi. Singapore Airlines na Malaysia Airlines, waliotengana 1972, walikuwa wametia saini mwaka 2019 makubaliano ya kugawana mapato na kupanga ratiba kwa pamoja.

Lililo na manufaa kwa abiria, kwa maoni yangu, lilitokea Subang. Uwanja huo ulikuwa umeachiwa ndege za pangaboi kwa miaka mingi, na kila aliyependa kupanda jeti alilazimika kwenda Sepang. Mwezi Agosti 2024 jeti za abiria ziliruhusiwa tena kutua hapo. Kutoka Subang hadi katikati ya Kuala Lumpur ni chini ya nusu ya umbali wa KLIA, na jengo lake ni dogo, mtu hatembei robo saa kulifikia lango. Mwezi uliofuata Scoot, shirika la nauli nafuu lililo chini ya Singapore Airlines, lilianza safari zake kutoka Changi hadi Subang.